Kiwanda Kimekufa, Sumu Imebaki: Maana Halisi ya Kuambiwa "Eneo Limesafishwa"

Kando ya Lake Union, ziwa lililo ndani ya jiji la Seattle nchini Marekani, kuna bustani ya umma yenye kilima cha nyasi ambako watu hupanda kurusha tiara. Katikati ya bustani hiyo yamesimama matangi na minara yenye kutu. Ni mabaki ya kiwanda kilichotengeneza gesi, kwanza kwa makaa ya mawe na baadaye kwa mafuta, tangu 1906 hadi 1956. Bustani ilifunguliwa mwaka 1975 na sifa zake zikaenea duniani. Mwaka 1984 ikafungwa kwa muda, kwa kuwa vipimo vilionyesha udongo wake bado una kemikali zenye madhara. Ukaletwa udongo mwingine, ukatandazwa juu ya ule wa zamani, milango ikafunguliwa tena. Watu wanaendelea kupumzika pale, lakini kuogelea kwenye ufuo wake ni marufuku, kwa sababu matope ya chini ya maji bado yameshika lami ya kiwanda.

Sasa tuseme eneo hilo limesafishwa au halijasafishwa?

Swali la namna hii huzuka kila inapotangazwa kwamba kiwanda cha zamani kitageuzwa kuwa makazi, shule au bustani. Upande mmoja husema wataalamu wamepima, wametoa cheti, basi yamekwisha. Upande wa pili husema sumu haiondoki kamwe na kwamba wananchi wanadanganywa. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda, na naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinalichukua neno "kusafisha" kama tunavyolitumia kwa sahani. Sahani ukiiosha uchafu umekwenda, na usipoiosha bado upo. Ardhi haisafishwi hivyo, na asiyelijua hilo hawezi kuuliza swali la maana siku mradi utakapofika karibu na nyumba yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Ardhi iliyochafuliwa ni ile ambayo udongo wake, maji yaliyo chini yake, au hewa iliyojificha kati ya punje za udongo ina kitu kwa kiwango kinachoweza kumdhuru binadamu, mnyama au mmea. Neno la kushika hapo ni kiwango. Aseniki kidogo imo kwenye udongo mwingi duniani bila kiwanda chochote kuwahi kujengwa hapo, kwa hiyo kukuta kemikali fulani kwenye sampuli si habari kamili mpaka useme ni kiasi gani.

Kuna usafishaji, yaani kuipunguza hatari, na kuna ufufuaji, yaani kulirudisha eneo kwenye matumizi: watu waishi, wafanye kazi, wacheze. Mambo hayo mawili hutangazwa kwa pumzi moja, lakini hayalazimiki kwenda pamoja. Eneo linaweza kusafishwa kisha likazungushiwa uzio likabaki tupu. Linaweza pia kufufuliwa bila kusafishwa, majengo mazuri yakasimama juu ya kitu ambacho hakuna aliyekipima. Hilo la pili ndilo la kuogopa.

Na mara nyingi kinacholifanya eneo litelekezwe miaka nenda rudi si sumu peke yake bali kutojulikana kwa sumu. Mwenye kiwanda amefilisika au amehama, kumbukumbu zimepotea, na kila mnunuzi anaogopa kununua deni asilolijua ukubwa wake.

Kila kiwanda huacha alama yake

Viwanda vya gesi ya makaa huacha lami nyeusi, nzito, yenye harufu kali. Mara nyingine mafundi wakichimba hukuta pia udongo wa buluu iliyokolea, rangi ya kupendeza kabisa. Buluu hiyo ni sianidi iliyofungamana na chuma, mabaki ya vitu vilivyotumika kuchuja gesi. Viwanda vya ngozi huacha kromiamu. Viwanda vya kuyeyusha betri chakavu huacha risasi. Karakana za reli na bohari za mafuta huacha dizeli na oili. Mahali palipooshwa vyuma au kusafishwa nguo kwa kemikali badala ya maji hubaki viyeyushi vyenye klorini. Majengo yenyewe nayo yana yake, kama asbesto kwenye mapaa na kuta, na transfoma za zamani zenye mafuta hatari.

Orodha ni ndefu, lakini kwa msomaji wa kawaida mgawanyo mmoja unatosha: kuna sumu inayoweza kuvunjwa na kuna isiyovunjika. Mafuta ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana kama mnyororo. Mnyororo ukikatwakatwa, mwisho wake ni hewa ya kaboni na maji. Risasi si mnyororo. Ni elementi, kitu cha msingi ambacho hakina vipande vidogo vya kugawanyikia. Ukiichoma haiishi, na hakuna bakteria atakayeila ikatoweka. Unaweza kuihamisha, kuifunga au kuifunika, basi.

Ndiyo maana ile kauli kwamba muda utaiponya ardhi ina ukweli nusu tu. Dizeli kidogo iliyomwagika kwenye udongo wenye hewa na unyevu itapungua yenyewe kadiri miaka inavyopita. Lakini angalia Kabwe, nchini Zambia, ambako risasi na zinki zilichimbwa na kuyeyushwa kwa takriban miaka 90 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya kufungwa kwake wamekutwa na risasi nyingi mno katika damu, kwa sababu vumbi la uani lina risasi ileile iliyotoka kwenye bomba la moshi enzi za babu zao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa watu wa Kabwe, kungoja hakujafanya kazi yoyote.

Sumu, njia na mtu

Chukua sumu ya panya ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo. Ili mtoto adhurike lazima mambo matatu yakutane: sumu iwepo, mtoto awepo, na pawepo njia ya mmoja kumfikia mwenzake. Unaweza kuitupa sumu. Unaweza kuifungia kabatini. Au unaweza kumzuia mtoto asiingie chumba hicho. Ukifanya lolote kati ya hayo kwa uhakika, mtoto yuko salama.

Usafishaji wa ardhi wote, kuanzia ule wa koleo na toroli hadi ule wa mitambo ya mamilioni, umejengwa juu ya wazo hilo. Wataalamu huviita vitu hivyo chanzo, njia na mpokeaji. Kazi yao ni kukata mnyororo mahali fulani. Kwa hiyo mtaalamu anaposema eneo ni salama, mara nyingi hasemi kwamba sumu imeondoka. Anasema njia imekatwa. Hajakudanganya, lakini kama hakukufafanulia hivyo, hajakutendea haki pia.

Njia zenyewe ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto hucheza mchangani kisha akatia vidole mdomoni, na kwa risasi hiyo ndiyo njia kubwa kuliko zote. Vumbi hupeperuka likaingia ndani ya nyumba. Mboga hupandwa, au tuseme huliwa zikiwa na udongo uliozishika. Maji ya mvua hupenya, hubeba kemikali, huifikisha kisimani. Na kuna njia moja ambayo haionekani: mvuke. Viyeyushi na petroli iliyozama chini hugeuka mvuke, mvuke hupanda kupitia udongo, kisha hupenya kwenye nyufa za sakafu na kandokando ya mabomba, ukakusanyika chumbani. Mtu anaweza kuishi kwenye nyumba ya namna hiyo asiguse udongo hata siku moja, na bado akawa anaipumua sumu.

Hapo pia ndipo ile imani kwamba nyasi zimeota, mbuzi wanalisha, basi ardhi imepona, inapoanguka. Nyasi hazijui lolote kuhusu ubongo wa mtoto. Mimea mingi huota vizuri kwenye udongo wenye risasi nyingi kuliko inavyofaa kabisa kuishi karibu nayo. Ukijani unakuambia kuna maji na rutuba, na hauwezi kukuambia zaidi ya hapo.

Kabla ya koleo

Mradi mzuri huanza mezani, si shambani. Wachunguzi hutafuta ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani, leseni, na zaidi ya yote watu waliofanya kazi pale. Mzee aliyekuwa mlinzi wa zamu ya usiku anaweza kusema shimo la oili lilikuwa nyuma ya bohari ya tatu, na sentensi hiyo moja ikaokoa miezi ya kuchimba kwa kubahatisha. Inanisikitisha kwamba watu hawa huulizwa mara chache, na kwa kawaida huulizwa wakati wamebaki wachache.

Baada ya karatasi huja matundu: udongo hutolewa kwa kina mbalimbali, visima vyembamba huchimbwa kupima maji, na sampuli hupelekwa maabara. Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa ripoti hulipita. Kijiko kimoja cha mchuzi uliokorogwa kinakuambia chumvi ya sufuria nzima. Udongo haujakorogwa. Tundu hili linaweza kutoka safi kabisa, na mita 5 pembeni pakawa na pipa lililooza. Ukisikia "tulipima na hatukukuta kitu," uliza matundu mangapi, wapi, na kwa kina gani.

Maji ya chini yana vituko vyake zaidi. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, na kisima kikichimbwa mahali sahihi hupatikana upesi. Viyeyushi vyenye klorini ni vizito. Huzama kupita maji, hushuka hadi vikutane na tabaka gumu, kisha hufuata mteremko wa tabaka hilo, ambao huenda ukaelekea upande tofauti kabisa na maji yanakotiririkia. Eneo linaweza kuchunguzwa mara tatu, sumu ikakutwa mara ya nne.

Kuhamisha, kuosha, kupika, kulisha bakteria

Wengi wetu tukiulizwa tungefanya nini tungejibu haraka: chimbeni mwondoe. Kwa chanzo kidogo chenye sumu kali, ni jibu zuri. Kwa hekta nyingi, kuchimba na kubeba ni kulihamisha tatizo tu, tena kwa barabara.

Mfano wa kutisha kuliko yote ninaoujua ni wa Corby, mji wa chuma nchini Uingereza. Sehemu kubwa ya kiwanda chake ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na halmashauri ya mji ikaanza kazi kubwa ya kulifufua eneo. Kwa miaka mingi malori yalibeba matope yenye metali nzito kupitia mitaa ya watu, mzigo haukufunikwa inavyopasa, matope yakadondoka barabarani, yakakauka, yakawa vumbi. Katika miaka hiyo wakazaliwa watoto kadhaa wenye kasoro za mikono na miguu, baadhi bila vidole kamili. Mama zao wakafungua kesi, na Julai 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba halmashauri ilizembea katika kazi ile. Sumu iliyokuwa imelala ardhini ilifunguliwa njia na watu waliokuja kuisafisha. Ndiyo maana kwenye mradi wowote wa kuchimba, mimi ningeanza kuuliza habari za maturubai, kuoshwa kwa magurudumu na kumwagiwa maji kwa vumbi, kabla ya kuuliza habari za bustani itakayojengwa.

Njia nyingine ni kuutibu udongo palepale ulipo. Kabla ya Olimpiki za 2012, eneo la Stratford, mashariki mwa London, lililokuwa limebeba viwanda, bohari na majalala kwa zaidi ya karne, liliwekewa mitambo ambayo wafanyakazi waliiita hospitali za udongo. Mitambo mingine iliuosha udongo. Siri ya kuosha ni kwamba sumu hupenda kushikamana na chembe laini kabisa, si na mchanga wala kokoto. Ukizitenganisha, kokoto na mchanga hurudi kazini, na unabaki na tope dogo lenye sumu nyingi la kushughulikia. Ni kama kuchambua mchele: hutupi gunia zima kwa sababu ya mawe, unatoa mawe. Zaidi ya asilimia 80 ya udongo uliochimbwa pale ulitumika tena.

Palipo na sumu sugu kama dioksini, moto hutumika. Katika uwanja wa ndege wa Da Nang, Vietnam, ambako viuagugu vyenye dioksini vilihifadhiwa wakati wa vita, udongo ulirundikwa ndani ya boma kubwa mfano wa tanuri na kupashwa hadi takriban nyuzi 335 za Selsiasi, joto ambalo dioksini haiwezi kulistahimili. Kazi ilikamilika mwaka 2018. Ni njia ya uhakika, na bili yake ya umeme na fedha ni ya kutisha.

Halafu kuna bakteria. Hawa wako udongoni tangu zamani, na wengine hula mafuta kama chakula. Tatizo lao ni kwamba mafuta peke yake si mlo kamili. Wanahitaji hewa, unyevu, naitrojeni na fosforasi. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi kwenye pwani ya Alaska mwaka 1989, sehemu za ufuo zilinyunyiziwa mbolea ili kuwalisha bakteria waliokuwa tayari pale, na mafuta yakapungua kwa kasi zaidi. Kwenye eneo la kiwanda udongo wenye dizeli hurundikwa, hutiwa mbolea, hunyunyiziwa maji na kugeuzwageuzwa, karibu sawa na mkulima anavyotengeneza mboji.

Lakini bakteria si malaika. Kiyeyushi chenye klorini huvunjwa hatua kwa hatua, na hatua moja ya katikati huzaa kemikali iitwayo vinaili kloraidi, ambayo inajulikana kusababisha saratani na ni mbaya kuliko ile ya mwanzo. Bakteria wanaofahamika kwa kuimaliza safari yote ni wa kundi la Dehalococcoides, nao hufanya kazi pasipo na hewa ya oksijeni. Wakikosekana, kazi hukwama katikati na eneo hubaki na hali mbaya zaidi. "Tutatumia njia ya asili" ni maneno matamu, ila asili nayo inahitaji kusimamiwa.

Kwa maji yaliyochafuka, njia ya zamani ni kuyavuta kwa pampu, kuyachuja na kuyarudisha. Hufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha huchosha. Ardhi ni kama sponji lililoshika mafuta: unalikamua, maji yanatoka, mafuta yanabaki kwenye vitundu, na kesho yanaanza tena kujipenyeza kidogo kidogo. Pampu nyingine zimevuta kwa miongo. Wahandisi wa Kanada waliwaza kinyume: badala ya kuyafuata maji, yasubiri. Chimba handaki mbele ya maji yanakoelekea, lijaze chembechembe za chuma, na maji yakipita humo viyeyushi huvunjwavunjwa huku chuma kikipata kutu. Haitumii umeme hata kidogo. Napenda sana wazo hili kwa sababu linatumia mwendo wa maji yenyewe na kutu, kitu tunachokiona kila siku kama hasara.

Na mimea? Kuna ukweli humo, ingawa umetiwa chumvi. Mwaka 2001 watafiti walieleza kwamba jimbi liitwalo Pteris vittata hunyonya aseniki na kuihifadhi kwenye majani yake kwa kiasi cha kushangaza. Mimea ya namna hii ipo, ila ina mipaka yake. Mizizi hufika tu inakofika, mavuno mengi yanahitajika, miaka inapita, na majani yaliyovunwa sasa ni taka zenye sumu ambazo mbuzi hapaswi kuzigusa wala mtu kuzichoma. Alizeti chache mbele ya kamera hazisafishi yadi ya kiwanda.

Kufunika ni kufunga kabati

Njia inayotukanwa kuliko zote ndiyo inayotumika mno: kufunika. Tabaka la udongo wa mfinyanzi, pengine karatasi nzito ya plastiki, juu yake udongo safi, kisha nyasi au lami ya barabara. Watu husema huko ni kuficha uchafu chini ya zulia. Siafiki. Kwa risasi iliyotapakaa eneo kubwa, isiyovunjika na isiyotembea sana na maji, kufunika vizuri huenda likawa ndilo jambo la busara kuliko kuichimba na kuirusha hewani. Ni kabati lenye kufuli. Swali ni nani anashika ufunguo, na je, mtu atakayehamia miaka 30 ijayo ataambiwa kwamba kabati lipo?

Hadithi ya Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, ni hadithi ya ufunguo uliopotea. Kati ya 1942 na 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilitupa takriban tani 20,000 za taka za kemikali ndani ya mfereji wa zamani ambao haukuwahi kukamilika. Ulipojaa ukafunikwa kwa udongo. Mwaka 1953 eneo likauzwa kwa bodi ya shule kwa dola 1, na hati ya mauzo ikataja kuwa kuna kemikali chini. Shule ikajengwa. Barabara na mabomba yakapita yakikata udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukizuia kemikali. Maji ya mvua na theluji yakaujaza mfereji kama beseni, beseni likafurika, na maji meusi yakatokea kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu.

Aliyewakusanya majirani alikuwa Lois Gibbs, mama ambaye mwanawe alisoma shule ile. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na mamia ya familia wakahamishwa. Desemba 1980 Marekani ikapitisha sheria inayojulikana kama Superfund, inayoipa serikali nguvu ya kusafisha maeneo ya namna hiyo na kuwadai waliochafua, hata kama walichafua kabla sheria haijakuwepo.

Tazama vizuri mahali mambo yalipoharibika. Onyo liliandikwa, kwenye hati. Waliolisoma waliuza, walionunua wakajenga, na waliohamia hawakuonyeshwa hati hiyo kamwe. Ndiyo maana, kwangu, rejista ya wazi ya ardhi zilizochafuliwa, ambayo mpangaji au mnunuzi yeyote anaweza kuisoma, ni sehemu ya usafishaji kama ilivyo koleo.

Safi kwa matumizi gani

Uholanzi iliwahi kujaribu kusafisha kila kitu. Mwaka 1980 ilibainika kwamba mtaa mpya wa Lekkerkerk ulijengwa juu ya ardhi iliyojazwa taka na mapipa ya kemikali, na taifa zima likashtuka. Sera iliyofuata ilitaka udongo uliochafuliwa urudishwe kwenye hali ya kufaa matumizi yoyote. Nia ilikuwa njema. Lakini kadiri maeneo yalivyozidi kugunduliwa, gharama ilipanda kuliko ilivyowezekana, na kazi ikakwama kwa sababu hakuna aliyeweza kufikia kipimo hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakabadilisha mwelekeo: kiwango cha usafi kifuate matumizi. Bustani ya mboga hudai usafi wa juu kabisa, kisha uwanja wa watoto, kisha maghala na maegesho ya magari.

Utaratibu huo umeenea nchi nyingi, na nauona kuwa wa haki kwa sharti moja. Eneo lililosafishwa kwa kiwango cha maegesho lisije likageuzwa makazi kimyakimya baada ya miaka 15 kwa sababu ardhi imepanda bei. Usafi ulikuwa wa maegesho. Matumizi yakibadilika, vipimo vinaanza upya.

Kuhusu fedha, kanuni inayotajwa kila mahali ni kwamba mchafuzi ndiye hulipa. Imo hata katika Azimio la Rio la mwaka 1992. Ugumu wake ni kwamba kampuni hufa kwa urahisi kuliko sumu yake. Na hata mchafuzi akijulikana, mwendo ni mrefu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukutani kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014, walishinda kesi yao mwaka 2020, ushindi ukatenguliwa Mahakama ya Rufani, kisha wakasubiri hadi 2024 ndipo Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa haki. Muda wote huo mahakama zilipokuwa zikijadili, watoto walicheza kwenye udongo uleule.

Ufufuaji nao una wanaoshinda na wanaoshindwa. Walioishi karibu na kiwanda kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, wakapumua vumbi lake kwa miaka, ndio wa kwanza kuhama kodi zinapopanda baada ya bustani kufunguliwa. Mradi usioweka ulinzi wowote kwa watu hao unasafisha udongo kwa faida ya wageni. Hata viumbe wasiosema wana hisa: Sydney ilipojiandaa kwa Olimpiki za 2000, kwenye shimo la kiwanda cha matofali kilichoachwa walikutwa vyura wa kijani na dhahabu ambao wamekuwa adimu, na viwanja vya tenisi vilivyokusudiwa kujengwa pale vikahamishiwa mahali pengine.

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa kama kazi hii inawezekana ni wa Duisburg, kaskazini mwa mji huo wa Ujerumani. Kiwanda cha chuma cha Thyssen kilizima matanuri yake pale mwaka 1985. Msanifu wa mandhari Peter Latz, aliyepewa kazi ya kuligeuza eneo kuwa bustani, hakuyabomoa. Tangi la gesi limejazwa maji na watu hujifunzia kupiga mbizi humo, na kuta za zege za mabohari ya mawe ya chuma ni za wapanda milima. Bustani ilifunguliwa mwaka 1994. Sumu nyingine iko palepale: vifusi vibaya zaidi vilifungiwa ndani ya mabohari ya zege. Katikati ya eneo unapita mkondo ambao zamani ulikuwa mfereji wazi wa maji machafu. Leo maji machafu yanapita ndani ya bomba kubwa lililozikwa, juu ya bomba kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi, na juu ya mfinyanzi yanatiririka maji ya mvua yenye matete na kereng'ende. Watu hukaa ukingoni wakila chakula chao, na bomba linaendelea na kazi yake chini yao.